Mhindi na Mroma: Jina la Asili na Jina la Mtu

Miongoni mwa maneno yanayompa taabu mwalimu wa Kiswahili huku kwetu mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu Magara hadi Rumonge na kushuka Nyanza-Lac, yamo majina ya watu. Sisemi majina ya mtu mmoja mmoja, bali majina ya makabila na mataifa. Ukikosea kitenzi, wanafunzi watacheka, utasahihisha, na mambo yatakwisha hapo. Ukikosea jina la watu umewagusa wenyewe, hata kama hawapo darasani. Kwa hiyo nimeona yafaa tulitazame kwa makini swali ambalo huzuka kila tunapotafsiri habari za Ulaya kutoka Kifaransa. Hao waitwao Rom, ambao vitabu vyasema asili yao ni India, je, ni Wahindi? Kama ni Wahindi, kwa nini tusiwaite hivyo, tukaepukana na neno geni? Na kama si Wahindi, ni kitu gani kilichowatoa katika Uhindi?

Kwa sura yake swali hili ni la kamusi. Lakini kamusi haiwezi kulimaliza, maana ndani yake limo swali jingine lililo zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba fulani ni mtu wa wapi?

Tuanze na neno Mhindi, kwa kuwa tunalo siku nyingi. Shina lake ni mto. Wenyeji wa kale wa bara lile waliuita mto mkubwa wa magharibi Sindhu. Waajemi, ambao katika lugha yao ya kale sauti ya s ya namna hiyo iligeuka kuwa h, walisema Hindu. Wayunani wakaidondosha hiyo h, wakapata Indos, na kutokana nao Wafaransa wana Inde na Indien. Waarabu walishika Hind, nasi tukapokea kwao Bara Hindi, Uhindi, Mhindi. Yaani jina hili tangu mwanzo ni jina la mahali, tena lililotolewa na jirani aliyesimama ng'ambo ya mto. Na tangu mwaka 1947, nchi ilipogawanywa, sehemu kubwa ya bonde la mto wenyewe imo Pakistan. Wahindi wa India wanaitwa kwa jina la mto ambao kwa sehemu kubwa hawanao. Katiba yao ya mwaka 1950, katika kifungu chake cha kwanza, inaitaja nchi kwa majina mawili, India na Bharat. La pili ndilo la ndani.

Jina lililotolewa na mtu wa nje huelekea kupanuka na kulegea, na ushahidi hatuna haja ya kuufuata mbali. Mahindi tunayokula yalitoka Amerika. Hayakuota kwanza Uhindi hata kidogo; yaliletwa Afrika na meli za Ulaya baada ya safari za Columbus. Lakini watu wa pwani waliyaona yakija kwa njia ya bahari, na kwao kitu kingi kigeni kilichokuja kwa njia ya bahari kilikuwa cha Kihindi. Wafaransa nao hawakukosa: ndege wa Amerika walimwita kuku wa India, ndipo wakapata dindon, yule bata mzinga wetu. Kirundi, chenye ibigori, kimejiepusha na kosa hilo bila kujisumbua. Columbus mwenyewe, alipotia nanga katika visiwa vya Amerika mwaka 1492, alidhani amefika pande za India, akawaita wenyeji kwa jina hilo. Hadi leo vipo vitabu vya Kiswahili vinavyowaita Wahindi Wekundu watu ambao hawakupata kuijua India wala hawana rangi nyekundu. Kosa la nahodha mmoja limevaliwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka 500.

Lakini tusiwadharau wazee wa pwani. Walipokaa na Wahindi karibu, jicho lao lilikuwa kali kuliko la wasomi wengi wa leo. Walimjua Baniani, mfanyabiashara asiye Mwislamu, asiyekula nyama. Walimjua Khoja, wakamjua Bohora, wakamjua Mgoa aliyebatizwa na Wareno, wakamjua Kalasinga mwenye kilemba. Hawakuwatia wote katika kapu moja, maana hukopi kwa mtu usiyemjua, na biashara ya pwani ilikuwa ya mikopo. Neno Mhindi kama kapu moja kubwa lilizidi kutumika pale ukaribu ulipopungua, na hasa pale serikali za kikoloni zilipotaka kuandika watu kwa rangi: Mzungu, Mwasia, Mwafrika. Hapa Burundi tumerithi mambo hayo katika ramani ya mji. Bujumbura unao mtaa unaoitwa kwa Kifaransa Quartier Asiatique, na unao mtaa wa Buyenzi, ambao tangu enzi ya Wabelgiji umejulikana kuwa makao ya Waswahili. Nitarudi kwa hao wa Buyenzi.

Jambo dogo kwa walimu kabla sijaendelea. Mhindi ni mtu wa India au wa asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Kihindi ni mojawapo ya lugha nyingi za India. Wanafunzi huyachanganya, na Kifaransa cha zamani kilichowaita Wahindi wote hindous huwazidishia mkanganyiko. Tena Wahindi wengi wa Afrika ya Mashariki nyumbani kwao hawasemi Kihindi. Husema Kigujarati, Kikachi au Kipunjabi. Mwenye duka akikuambia kwamba lugha ya mama yake si Kihindi, usidhani anakutania.

Sasa tuje kwa Waroma. Wako Ulaya kwa karne nyingi. Baraza la Ulaya hukadiria kwamba idadi yao ni kati ya milioni 10 na 12, na hakuna taifa la Ulaya ambalo wao ndio wenye dola yake. Majina waliyopewa ni mengi na karibu yote ni ya makosa. Waingereza waliwaita kwa neno lililotokana na Misri, kwa sababu baadhi yao walipowasili Ulaya ya magharibi katika karne ya 15 walisadikiwa kuwa mahujaji waliotoka Misri. Wafaransa wana gitan, na Wahispania gitano, kwa sababu iyo hiyo. Wafaransa waliwaita pia bohémiens, kana kwamba walitoka Bohemia. Jina baya zaidi ni lile ambalo Wafaransa wanalitamka tsigane na Wajerumani Zigeuner: wataalamu hulirudisha kwenye neno la Kiyunani lililotumiwa kwa kundi fulani la wazushi wa dini, lenye maana ya watu wasioguswa. Misri, Bohemia, uzushi! Katika yote hayo hakuna hata moja lililotoka vinywani mwa wenyewe.

Wenyewe wana neno lao. Rom katika lugha yao ni mwanamume, na tena ni mume, kama vile neno letu mume linavyotumika huku na huku. Wingi wake ni Roma. Mwanamke ni Romni. Halihusiani kabisa na mji wa Roma wala na Warumi, na halihusiani na nchi ya Romania, ambayo jina lake ndilo lililotoka kwa Warumi. Ni bahati mbaya tu ya sauti, na imewasumbua wenyewe pia.

Hapo basi ndipo tofauti ya kwanza ya maneno haya mawili. Mhindi ni jina la ardhi, nalo lilianza nje. Rom ni jina la mtu, nalo lilianza ndani. La kwanza hujibu swali, Unatoka wapi? La pili hujibu swali, U nani? Maswali haya mawili hatuyaulizi kwa sauti moja. Anayeniuliza mimi ni nani yuko tayari kunisikiliza. Anayeniuliza ninatoka wapi huenda naye anasikiliza, lakini huenda pia anatafuta njia ya kunirudisha.

Je, asili yao ni India kweli? Ndiyo, na aliyeitoboa siri hiyo ni lugha. Mwaka 1782 Mjerumani Johann Rüdiger alilinganisha maneno yao na ya Kihindustani akaona undugu ulio wazi, na mwaka uliofuata Grellmann akaieneza habari hiyo katika Ulaya nzima. Maji kwao ni pani, na kwa Kihindi ni pani. Moja ni jek, mbili dui, tatu trin, nne shtar, tano panj, kumi desh. Yeyote aliyesikia hesabu katika duka la Mhindi ataona mfanano. Katika miaka yetu hii uchunguzi wa damu na nasaba nao umeonyesha kwamba wazee wao waliondoka kaskazini-magharibi ya India yapata miaka 1,500 iliyopita. Na njia waliyopita imeandikwa katika maneno waliyookota: yapo ya Kiajemi, yapo ya Kiarmenia, na mengi ya Kiyunani. Hata njia yenyewe wanaiita drom, neno la Kiyunani.

Lakini ngoja tuendelee kuhesabu. Saba kwao ni efta, nane ni okhto, tisa ni enya. Hizo si za India; ni za Kiyunani. Nami naomba walimu wenzangu watue kidogo hapa, kwa kuwa jambo hili tunalo kinywani mwetu kila siku. Moja, mbili, tatu, nne, tano ni za Kibantu. Nane na kumi kadhalika. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Lugha mbili zisizojuana, moja ya misafara ya Ulaya na moja ya pwani ya Afrika, zimefanya jambo lile lile katika sehemu ile ile ya hesabu. Wakati fulani walitokea watu waliosema kwamba Kiswahili ni tawi la Kiarabu kwa ajili ya maneno kama hayo, nasi tuliwajibu, tena kwa haki, kwamba lugha haipimwi kwa maneno iliyoyaazima bali kwa mifupa yake, na mifupa ya Kiswahili ni Kibantu.

Jibu hilo ni zuri, lakini tuwe waangalifu nalo, kwani lina makali pande mbili. Kama mifupa ya lugha ndiyo inayotoa hukumu, basi Waroma ni Wahindi na shauri limekwisha, maana mifupa ya lugha yao ni ya India. Na kwa hukumu iyo hiyo, Mhaya, Mrundi na Mzulu ni taifa moja, na Mwingereza ni Mjerumani. Hakuna anayekubali hivyo. Lugha yaweza kutuambia wazee wa watu walipita wapi. Haiwezi kutuambia watu wenyewe leo ni wa wapi. Asili ni habari ya wakati uliopita. Kwao, kwa maana tunayoitumia katika Kiswahili tukisema Fulani amekwenda kwao, ni habari ya wakati uliopo: ni mahali mtu anapotarajiwa jioni.

Upande wa pili wa bahari tunacho kioo cha jambo hili. Huko Gujarat na Karnataka wako watu waitwao Sidi, ambao wazee wao walitoka Afrika kwa karne nyingi, baadhi yao watumwa, baadhi mabaharia na askari. Mmoja wa Waafrika hao, Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi na kufa mwaka 1626, alipanda kutoka utumwani hadi kuwa mwenye nguvu zote katika dola ya Ahmadnagar. Masidi wa Gujarat wanacheza ngoma wanayoiita goma, na Mswahili akilisikia neno hilo hahitaji kufasiriwa. Je, hao ni Waafrika? Kwa asili, ndiyo. Mwambie mmoja wao kwamba kwao ni Afrika, naye atakuuliza ni nani huko anayemngoja.

Nimesema jina la nje ni jina la mahali. Wakati mwingine huwa ni kitu kibaya zaidi. Katika nchi za Wallachia na Moldavia, ambazo leo sehemu kubwa yake ni Romania, Waroma walikuwa watumwa tangu karne ya 14: watumwa wa mfalme, wa makabaila, na hata wa nyumba za watawa. Waliuzwa na kurithishwa. Utumwa huo ulifutwa Moldavia mwaka 1855 na Wallachia mwaka 1856. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Yaani Ulaya iliyokuja kutufundisha ubaya wa utumwa ilikuwa imeuacha nyumbani kwake jana tu. Ninalotaka kulisema hasa ni hili: katika nchi hizo neno țigan, ndugu wa lile tsigane, lilikuwa na maana ya mtu wa kabila hilo na pia maana ya mtumwa, bila tofauti. Mtu aliyeitwa hivyo na bwana wake, usiku akirudi kwa mkewe, alikuwa rom, yaani mume, mtu. Majina mawili, mtu mmoja. La mchana lilikuwa la soko, na la usiku lilikuwa la nyumbani.

Msomaji wa mwambao huu atakuwa amekwisha kukumbuka neno jingine. Watu waliofuata misafara ya biashara kutoka pwani hadi Ujiji, Manyema na huku kwetu, wengi wao wakiwa na historia ya utumwa nyuma yao, walijiita waungwana. Hawakujiita kwa jina la nchi. Walijiita watu huru. Stanley aliwaandika Wangwana katika vitabu vyake, na Kiswahili cha Kongo kikapata jina la Kingwana. Wasomi fulani hulicheka neno hilo, wakisema kwamba aliyekuwa mtumwa jana hawezi kujiita mwungwana leo. Mimi sioni la kuchekesha. Aliyepata kuitwa kwa jina la bwana wake anajua thamani ya kujipa jina kuliko yule aliyezaliwa nalo.

Basi nirudi kwa Waswahili wa Buyenzi na wa Rumonge, kama nilivyoahidi. Neno Mswahili nalo ni jina la mahali na limetoka nje: sawahil kwa Kiarabu ni pwani nyingi. Ajabu ni kwamba limewashika watu wa Rumonge, ambao wengi wao hawakupata kuiona bahari. (Ziwa nalo lina pwani yake, atasema mvuvi wa mikeke, wala sitabishana naye.) Katika Kirundi umuswahili ni Mwislamu, ni mtu wa mjini, ni mfanyabiashara, na vinywani mwa wengi ni mjanja, msema uwongo. Uzito huo haukuanguka kutoka mbinguni. Katika miaka ya 1880 na mwanzo wa 1890, mwambao huu uliteswa na majeshi ya Mohamed bin Khalfan wa Ujiji, aliyepewa jina la Rumaliza, na ufalme wa Mwezi Gisabo ulipigana naye. Kumbukumbu ya watekaji ilibaki katika neno, hata watekaji walipokwisha kuondoka na neno likawaangukia wajukuu wa wasusi, mafundi seremala na wauza samaki.

Mswahili wa Rumonge ameulizwa mara nyingi ametoka wapi. Manyema? Ujiji? Ubembe? Mara nyingi jibu lake ni kweli: babu alitoka huko. Lakini muulizaji hataki habari za babu. Anataka kupata neno la kumwonyesha mwenzake kwamba ardhi anayokanyaga si yake. Na mwalimu wa Kiswahili, hata akiwa Mrundi wa milimani asiye na hata babu mmoja wa Manyema, hupata sehemu yake ya dharau hiyo, maana lugha anayoifundisha imebeba jina hilo hilo. Ndiyo sababu nasema swali la Mhindi na Mroma si la mbali kwetu.

Tazameni lilivyofanya kazi mahali pengine. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa raia wa Uganda, ambao hati zao zilikataliwa kwenye meza za ukaguzi. Karatasi ilisema Mganda. Uso ulisema Mhindi. Uso ukaaminiwa kuliko karatasi. Asili ilitumiwa kufuta makao. Mwaka huo huo wa 1972, tangu mwisho wa Aprili, mwambao wetu wa Rumonge na Nyanza-Lac uliona mauaji, kisha nchi nzima ikaona mengi zaidi, na huko nako watu walipangwa kwa majina ya kuzaliwa nayo. Sitasema zaidi juu ya hilo. Wasomaji wa hapa wanajua.

Waroma walipata jambo kama hilo, tena kwa kiasi cha kutisha. Utawala wa Hitler uliwaua watu wao wasiopungua laki mbili, na wako wataalamu wanaokadiria laki tano. Hapo tena lugha ina kichekesho kichungu: wale waliojiita Waarya, jina walilolitwaa kutoka India ya kale, waliwaua watu waliokuwa wakisema lugha ya tawi hilo la India. Na mwaka 2010 Ufaransa ilibomoa kambi zao na kuwarudisha wengi Romania na Bulgaria, ingawa walikuwa raia wa Umoja wa Ulaya.

Mtu aweza kunipinga kwa methali yetu: mwacha asili ni mtumwa. Kama Waroma ni wa India, je, si heri waishike asili yao waziwazi, wajiite Wahindi, wapate heshima ya ustaarabu mkubwa na mlinzi mwenye dola? Hoja hii ina nguvu, na wenyewe wameifikiri. Tarehe 8 Aprili 1971 wajumbe wao walikutana karibu na London katika mkutano wao wa kwanza wa dunia. Walikataa majina ya kupewa, wakachagua Roma. Walichagua bendera: buluu juu, kijani chini, na katikati gurudumu jekundu lenye spoki 16, ambalo linakumbusha gurudumu la bendera ya India. Mhindi mmoja, W. R. Rishi, alikuwamo mkutanoni. Baadaye, Februari 2016, waziri wa mambo ya nje wa India, Sushma Swaraj, aliwaita Waroma watoto wa India katika mkutano uliofanyika New Delhi.

Angalieni walivyofanya. Asili wakaiweka katika bendera. Jina wakalitoa nyumbani. Hawakuiacha asili, kwa hiyo methali haiwagusi. Lakini hawakukubali asili iwe jina, kwa kuwa walijua kwamba siku watakapoitwa Wahindi, atatokea mtu wa Bukarest au wa Paris na kusema, Vema, basi rudini India. Mama anayekuita mtoto wake na jirani anayekuambia uende kwa mama yako waweza kutumia neno moja. Tofauti haimo katika neno. Imo katika mlango uliofunguliwa au uliofungwa.

Hata hivyo kanuni ya kwamba kila watu waitwe kama wanavyojiita si nyepesi kama inavyosikika, na si haki kuwafundisha wanafunzi kana kwamba ni nyepesi. Wanaojiita ni nani? Wasinti wa Ujerumani ni ndugu wa Waroma kwa lugha na asili, lakini wengi wao hawataki kuitwa Waroma. Hispania wako wanaojivunia jina la gitano, na Uingereza wako wanaolishika lile la Misri kama urithi wa mababu. Jina la dharau likikaa sana kinywani mwa mwenyewe laweza kuwa lake. Nasi tunao mfano nyumbani. Watwa wa Burundi, wafinyanzi wa vyungu, walitengewa kwa katiba ya mwaka 2005 viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, na katiba inawataja kwa jina lao. Jina hilo hilo shuleni hutumika kama tusi. Rwanda, baada ya mwaka 1994, iliacha kulitumia rasmi na kutafuta maneno marefu ya kulizunguka. Mimi naona njia ya Burundi katika jambo hili ni bora: anayestahili kunyang'anywa neno ni anayelitumia kutukana, si mwenye jina. Lakini wako Watwa wanaofikiri vingine, na wao wana haki ya kusema kabla yangu. Na neno mbilikimo, ambalo Kiswahili kimelizoea, nadhani wakati umefika tuliache hadithini.

Imebaki kazi ya ufundi. Kiswahili hakina neno la zamani la kuwaita watu hawa, na hiyo ni neema. Baadhi ya waandishi wameanza kuandika Wajipsi kutoka Kiingereza. Sioni sababu ya sisi kuazima kosa la Misri, wakati Misri yenyewe iko katika bara letu na wenyewe hawakutoka huko. Napendekeza Mroma na Waroma. Watakaosema kwamba Roma ni wingi tayari, na kwamba nimeweka wingi juu ya wingi, wana haki kwa sarufi ya Kiroma. Lakini Kiswahili kilipochukua kitabu kikafanya vitabu hakikuomba ruhusa kwa sarufi ya Kiarabu. Hofu ya kuwachanganya na watu wa mji wa Roma ni ndogo, kwa sababu hao tunao kwa jina la Warumi tangu Biblia. Hatari kubwa iko kwenye lugha: tukiandika Kiromani, irabu moja tu itaitenga na Kiromania, na mpiga chapa aliyechoka ataila. Heri Kiroma.

Mhindi libaki kwa mtu wa India na kwa mwenye asili ya huko anayekubali kuitwa hivyo. Kwa huyu wa pili, mwanafunzi akiandika habari za raia wa Burundi mwenye nasaba ya Kikachi, aandike kwanza Mrundi, na nasaba aitaje pale tu habari inapoihitaji. Wahindi Wekundu liondolewe katika madaftari yetu. Wenyeji wa asili wa Amerika ni maneno marefu lakini si uwongo, na pale jina la kabila linapojulikana liandikwe hilo. Katika sentensi za Kifaransa zenye neno Rom, atakayetafsiri Mhindi apunguziwe alama, na atakayetafsiri Mrumi au Mromania apunguziwe pia. Atakayeandika Mroma, kisha akaongeza katika ukingo wa daftari kwamba wazee wao walitoka India, apewe alama zote.